Nishani Kwenye Koti la Namegabe

Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na Télesphore alikuwa amekonda kweli. Mke wake Philomène alidhani ni minyoo, akamnywesha dawa. Minyoo gani! Kilichomtafuna mzee huyo, mwanajeshi mstaafu ambaye sasa aliziba matairi ya pikipiki kando ya barabara ya Majengo, kilikuwa kipande cha shaba kisichozidi kizibo cha chupa: bunduki mbili zilizopishana ndani ya duara. Ilikuwa nishani ya shabaha, na ilikaa kwenye koti la mtu mwingine.

Mtu huyo ni Namegabe, muuza sambaza, vile vidagaa vya ziwani, kwenye soko la Kituku. Enzi za Zaire walikuwa masajenti wote wawili, kikosi kimoja, hema moja, sufuria moja ya maharagwe. Kila Jumapili Namegabe alikuja kanisani na koti lake la kijivu, nishani upande wa kushoto, na watu wakamsalimu, "Tireur, habari?" Jina hilo la mlenga shabaha lilimkera Télesphore kama mchanga kwenye wali. Mdomo uliimba pamoja na wengine, lakini jicho lilikuwa kwenye koti la mwenzake tangu wimbo wa kuingia hadi baraka, na Mungu akapewa mabaki.

Maana alijua jambo ambalo aliamini hakuna mwingine aliyelijua. Siku ya mashindano, huko milimani Masisi, ukungu ulikuwa mzito na shabaha za karatasi zilisimama ubavu kwa ubavu mteremkoni. Télesphore alilala chini, akalenga, akafyatua kwa utulivu ambao hakuupata tena maishani. Ukungu ulipopanda alikuwa amebakiwa na risasi tatu tu, na hapo ndipo alipoona kwamba alikuwa akipiga shabaha ya jirani. Ya Namegabe! Zile tatu akazipeleka kwenye karatasi yake mwenyewe. Kapiteni Baharanyi akahesabu matundu mazuri kwenye karatasi ya Namegabe, akamchomekea nishani kifuani. Kisha akaitazama karatasi ya Télesphore iliyokuwa karibu tupu, akasema, "Wewe, adui akikuona atakuletea kiti ukae." Kikosi kizima kikacheka.

Angesema nini? Askari anayepiga shabaha ya jirani ni kichekesho kuliko yule asiyepiga kitu. Akameza, na alichokimeza hakikushuka.

Mwaka mmoja baada ya volkano ya Nyiragongo kutapika, Kapiteni Baharanyi akafariki. Chama cha wanajeshi wastaafu kilikuwa na desturi yake: mwenye nishani ya shabaha hutangulia mbele ya jeneza, amebeba kepi, kofia ya kijeshi ya marehemu, juu ya mto mdogo. Siku zote alikuwa Namegabe. Asipokuwapo mwenye kuivaa nishani, kepi humwangukia sajenti mkongwe kuliko wote, na mkongwe alikuwa Télesphore. Safari hii aliapa ataibeba yeye. Kapiteni aliyemcheka mbele ya kikosi atapelekwa kaburini na mikono hiyohiyo aliyoicheka.

Basi wazee walipokutana uani kwa Adalbert, mwenyekiti wao, kule Mabanga, Télesphore akasimama. Kanuni zote alikuwa nazo kichwani. Mwenye wivu husoma sheria kuliko hakimu.

"Muzee Prezida, règlement iko wazi," akasema. "Medali ya tir inavaliwa juu ya uniforme, upande wa kushoto, chini ya medali za vita. Haivaliwe na koti ya civil. Na uniforme tulizirudisha sisi wote siku tulitoka jeshini. Sasa Namegabe anatembea nayo kanisani na sokoni, ni ruhusa ya nani?"

Adalbert akakuna kidevu. "Ni kweli, imeandikwa vile. Namegabe, unasema nini?"

Namegabe hakubisha. Akafungua pini taratibu, akavuka ua, akaiweka nishani kwenye kiganja cha Télesphore, kisha akamwinamia sikioni.

"Chukua, iko yako," akanong'ona. "Mi nilipewa risasi kumi. Karatasi yangu ilikuwa na matundu mingi kupita kumi, na nilikuwa najua zangu ziligusa pembeni ya karatasi tu. Nani alikuwa amelala kando yangu? Ni wewe."

Télesphore akamgeukia. "Ulijua?"

"Tangu siku ile ile. Nilingojea uniulize. Ungesema hata neno moja tukiwa bado na uniforme, ningeitoa, kapiteni akuvalishe wewe. Lakini ukaninyamazia, ukaanza kuniangalia vibaya. Na mi nikakasirika, nikasema basi, nitaivaa mbele yake mpaka aseme."

Télesphore alibaki ameishika. Ilikuwa yake kwa haki, na dakika hiyohiyo alikuwa ametoka kuwaeleza wenzake wote kwa nini hakuna koti linaloweza kuibeba. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Adalbert akatangaza kwamba kepi itabebwa na Télesphore, sajenti mkongwe, wazee wakapiga makofi machache, naye akaitia nishani mfukoni.

Kesho yake alitangulia mbele ya jeneza kwenye barabara ya mawe meusi, kepi juu ya mto, mgongo umenyooka. Nishani ilimgonga paja kila hatua. Alikuwa amepata vyote viwili alivyovitamani, nishani na kepi. Nyuma yake akasikia wanawake wa Kituku waliosimama kando ya njia.

"Pole kwa msiba, Tireur."

"Asante, mama," akajibu Namegabe.

Télesphore akageuza shingo, jambo ambalo mbeba kepi haruhusiwi kulifanya. Koti la kijivu lilikuwa limepauka kwa jua la miaka mingi, isipokuwa upande wa kushoto, ambako kulibaki kiduara kidogo chenye rangi yake ya zamani. Akakionea wivu hata hicho.