Siku Shangazi Alipokwazika

Zamani huku kwetu Litein watu walikuwa wananuna tu. Mtu alinuna, akavimba, njaa ikimzidi akarudi mezani. Kisha neno kukwazika likatoka kanisani likaingia manyumbani, na tangu hapo hakuna anayenuna tena. Kununa ni tabia mbaya yako wewe, lakini kukwazika ni kosa la mwenzako. Aliyekwazika hutembelewa, huombewa, hubembelezwa, na asipopewa kiti cha mbele hukwazika upya. Nimewahi kumwona mzee wa kanisa akikwazwa na mahubiri aliyoyalalia tangu mwanzo hadi mwisho.

Lakini bingwa wa wote ni shangazi yangu. Shangazi hana dogo. Ukichelewa kumsalimia umemdharau, ukiwahi anauliza unamkimbiza aende wapi.

Siku ya koito ya dada yangu, wakwe walipokuja kutoka Bomet kumposa, maziwa yaliishia kwa wageni na shangazi akaletewa strungi. Chai isiyo na maziwa, katika boma lenye ng'ombe wa gredi! Aliweka kikombe chini taratibu, akatangaza kwamba amekwazika, akaenda kusimama katikati ya shamba la majani chai nyuma ya jikoni. Bila yeye wazee hawangefungua mazungumzo, kwa sababu ndiye aliyemlea dada tangu mama afariki. Wakwe wakaanza kuangaliana.

Baba mdogo alitumwa akambembeleze, akarudi amekwazika yeye mwenyewe. Akatumwa mchungaji. Huyo hata hakurudi ndani, alipanda bodaboda akaenda zake. Mimi nilicheka mpaka nikamwona dada anatetemeka midomo, nikaona haya.

Mwishowe dada alienda mwenyewe, nami nikamfuata. Tulimkuta shangazi anachuma chai.

"Shangazi, si ni chai tu?"

Shangazi aliendelea kuchuma, majani mawili na kichipukizi, kana kwamba ameajiriwa.

"Ingekuwa ni chai ningekunywa," alisema. "Hawa watu wakimaliza kuongea, wewe unaenda. Mimi nitakaa na nani?"

 Dada alikaa chini kwenye udongo na nguo yake ya sherehe, akalia. Nami machozi yalinitoka.

Wazee waliita kutoka nyumbani, wakaita tena kwa ukali. Shangazi alimwinua dada, akampangusa udongo, akamshika mkono, akampeleka kwa wakwe.