Upana wa Kibao cha Askari

Nilipokuwa nimekaa eda, kilichonikera kuliko vyote hakikuwa kukaa ndani. Vilikuwa ni vibao vya hadibodi, ule ubao mwembamba wa kiwandani, visivyofika urefu wa kidole changu.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi seremala hapa Kaole. Rafiki yake ni mwalimu wa historia, mtu wa bara, anafundisha Msata. Mgeni mmoja wa Ulaya aliyekuwa akijitolea shuleni kwao alipoondoka alimwachia makasha mawili ya askari wa bati. Ni askari wa vita vya Napoleoni, na kila mmoja ni mdogo kama punje ya mchele. Mwalimu akabaki na Waingereza, Wafaransa akamletea mume wangu, na tangu hapo Jumapili zangu zikaharibika. Walipigana juu ya meza yangu ya chakula kwa dadu na kamba ya kupimia, na sisi tukala mkekani.

Askari wadogo namna hiyo hawasogezwi mmoja mmoja. Hubandikwa wengi pamoja juu ya kibao, na kibao ndicho kinachosogezwa na kupimwa. Vibao vya pande mbili vikitofautiana, mchezo hauendi. Basi wale watu wazima wawili walibishana mwaka mzima juu ya upana wa kibao. Mume wangu alikata, akabandika, akabandua, akakata upya. Nilimwambia kwa muda ule angekuwa amemaliza kabati langu la vyombo. Hakulimaliza.

Alipofariki aliacha vibao kumi na kimoja vya kipimo chake cha mwisho. Askari waliobaki walikuwa kwenye kopo la maziwa. Baada ya hitma mwalimu alikuja, akakaa barazani, mimi nikiwa ndani nyuma ya pazia.

"Shemeji," akasema, "nimeamua nifuate kipimo cha marehemu. Nitabandua vyangu vyote, nikate upya, na vya askari wake waliobaki nikate pia. Wewe ubandike. Ila hicho kipimo chenyewe sijakiona. Nipe kibao kimoja niende nacho."

Nikakataa. Nilimwambia nitampa kipimo, kibao hakitoki.

Sasa kipimo chenyewe. Futi ya chuma ya marehemu namba za mwanzo zilikuwa zimefutika kwa kushikwa, na vibao vile vinaishia hapo hapo kwenye namba za mwanzo. Nilikuwa nasuka ukili wa mkeka kupitisha siku. Nikachukua jani la mwaa, nikalichana likawa na upana sawasawa na wa kibao, urefu nikaukata kwa mkasi. Wifi yangu alikuwa anakwenda shambani Miono, anapitia Msata, nikampa alifikishe.

Baada ya wiki mbili mwalimu akarudi na mfuko wa vibao. Wifi akaniingizia ndani. Nikapanga askari safu mbili juu ya kibao kimoja bila gundi. Safu ya nyuma ikaanguka. Nikapanga tena, ikaanguka tena.

"Shemeji, vimekaa?" mwalimu akauliza kutoka nje.

"Havijakaa."

"Havijakaa vipi? Nimekata kwa jani lako lenyewe!"

Wifi akachungulia. "Mwalimu, Wafaransa wananing'inia kama nguo kambani."

"Apime tena."

"Nimepima mara nne," nikasema. "Vyembamba."

"Haiwezekani. Jani ninalo hapa." Akampa wifi, wifi akaniletea. Nikaliweka juu ya kibao cha marehemu. Lilikuwa limekauka, limesinyaa, na hadibodi ilionekana pembeni.

Wifi akapiga makofi. "Haa! Wewe unasuka tangu hujaota meno, leo umepimia mwaa mbichi?"

Kweli. Kila mtu hapa anajua mwaa huanikwa kwanza ndipo usukwe. Makavu niliyokuwa nayo niliyaonea uchungu kuyapoteza kwa mchezo, nikachukua jani bichi aliloniletea wifi asubuhi ile. Sikufikiri zaidi ya hapo.

"Sasa sikiliza, shemeji," mwalimu akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizuia. "Mimi nimeshabandika jeshi langu lote kwa hivi vyembamba. Lote. Vya marehemu ni kumi na kimoja tu. Maji ya moto na kisu, vinabanduka mara moja. Tuvifanye vyote vyembamba, yaishe."

Nilikasirika, kisha nikakasirika zaidi kwa sababu alichosema kilikuwa haki. Nilichukua kisu. Nikageuza kibao kimoja. Gundi ilikuwa imefurika pembeni, na ndani yake mlikuwa na alama ya dole gumba la marehemu. Nikaweka kisu chini.

"Mwalimu, kosa ni langu. Uliniomba kibao nikakunyima. Ningekupa tusingefika hapa. Lakini kubandua siwezi."



"Basi nionyeshe kimoja tu," akasema. "Nikishike hapa hapa barazani. Sisogei."

Wifi akampelekea. Nilimsikia akikohoa, akisogeza kiti kwenye mwanga.

"Ala!" akasema. "Kumbe ameacha nafasi mbele ya safu. Tukigusanisha vibao, singe za bunduki zao hazigongani. Za kwangu zimepinda zote. Mwaka mzima ananiambia ongeza upana, ongeza upana, mimi nadhani ananibishia tu."

"Na kubisha pia alikuwa anabisha," wifi akasema.

"Alikuwa mbishi, ndiyo! Tazama, hayupo, na bado ananibandulisha jeshi zima mara ya pili."

Wakacheka huko nje. Mimi nilikuwa bado na hasira.

"Shemeji, naomba niende nacho Msata nikipime vizuri. Sitaki tena majani yenu."

Tangu tumzike, hakuna kitu chake kilichokuwa kimetoka katika nyumba ile, hata kandambili. Nilikaa mpaka wifi akaingiza kichwa penye pazia.

"Anakungoja. Useme ndiyo au useme hapana, mtu ana basi."

"Aende nacho," nikasema. Nikaongeza kwa sauti: "Na Ijumaa akirudishe. Ijumaa, si siku nyingine."

Ijumaa hakuja. Jumamosi hakuja, simu yake haipatikani, na siku zote mbili sikusuka hata pima moja ya ukili. Alikuja Jumapili, ana mfuko mpya na kile kibao kimefungwa kwenye leso. Anasema mvua. Nikapanga safu mbili juu ya kibao kipya, na safu ya nyuma ikakaa. Kwa siku zile mbili nilikuwa nimewatukana moyoni wote wawili, aliye hai na aliyekufa. Yule wa pili nilimwomba msamaha, nikafungua gundi.