Hedi Niliyoikataa

Dada yangu anachonga hedi za injini, na asikudanganye mtu kwamba ni kazi ya nguvu. Hedi ina matundu ambayo hewa hupitia kuingia kwenye silinda. Yeye huyachonga mpaka hewa ipite bila kusuasua. Huingiza kidole tunduni, hufumba macho, na ukimsemesha hapo unajibiwa kwa kiwiko.

Anafanyia kazi kwenye iliyokuwa stoo ya mama. Ana meza moja, taa ya kuning'inia, na mtambo aliojiundia kwa mota ya mashine ya kufyonza vumbi na mpira mwembamba wenye maji mekundu. Hufunga hedi juu yake, huwasha, maji hupanda kuonyesha hewa inavyopita, naye huandika kwa chaki ukutani. Mama alishakata tamaa ya kuupaka rangi ukuta ule.

Mimi ndiye niliyekuwa dereva wa ukoo. Sisemi kwa majivuno. Au basi, nasema kwa majivuno. Timu moja ya mashindano ya magari ya kupanda mlima ilikuwa na kiti cha dereva wazi, na bosi wake akatangaza kwamba atakayeupanda kwa muda mfupi zaidi, kwa gari lake mwenyewe, ndiye atakayekipata. Kiti hicho nilikiota miaka sita. Nikampelekea dada hedi yangu.

"Toboa haswa," nikamwambia. "Nataka tundu linaloingia ngumi."

Wiki moja baadaye akanirudishia. Nikachungulia. Kwenye sakafu ya kila tundu alikuwa amejaza gundi ya chuma na kuisawazisha, tundu likawa dogo kuliko lilivyotoka kiwandani.

"Dada, nimekuletea utoe, wewe umeongeza?"

"Mlima ule una kona kumi na saba, mdogo wangu. Kila kona unapunguza mwendo, halafu unataka gari ivute. Tundu likiwa pana, hewa inaingia imelegea. Likibana kidogo, inaingia mbio, gari inavuta hapo hapo."

"Mimi hainiingii akilini."

"Si lazima ikuingie wewe. Funga, ukajaribu."

Nikapandwa na hasira. Nikaiacha mezani pake, nikatafuta hedi nyingine, nikaipeleka kwa fundi tunayemwita Bwana Kioo, maana tundu akilimaliza unaweza kulitumia kunyolea ndevu. Akayapanua matundu yote, akayang'arisha. Nilipomwonyesha dada, aliitazama akasema, "Inapendeza," akaendelea na kazi yake. Ningekuwa na akili ningeliogopa neno lile.

Siku ya majaribio, kwenye barabara iliyonyooka nilipaa. Kwenye kona nilikanyaga mafuta, gari likakohoa, likafikiri kwanza, ndipo likaondoka. Hata hivyo, kati ya madereva wengine tisa hakuna aliyenifikia. Bosi, akidhani wote wamemaliza, akanivalisha koti la timu, nami nikaanza kupokea mikono ya pongezi.

Ndipo likaja gari la dada, lile lile analoendea sokoni, la aina moja na langu.

"Nimeandikisha jina," akamwambia bosi. "Mimi wa kumi na moja."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha, na kila hedi anayoichonga huijaribu kwenye mlima huo huo.

Akaondoka. Tukabaki chini tukisikiliza. Kila kona injini ilishusha sauti, halafu ikanguruma papo hapo, bila kikohozi. Nikaanza kuzihesabu kona kimoyomoyo. Kufikia ya tisa niliacha kuhesabu.

Honi ya kumaliza ikalia kileleni, bosi akatazama saa yake mara mbili.

"Kakushinda sekunde kumi na moja," akaniambia. "Hedi ile kachonga nani?"

"Yeye mwenyewe."

"Ya gari lake?"

"Hapana, mzee. Ilikuwa yangu. Niliikataa."

Niliumia, sitaficha. Kukosa kiti kuliniuma, lakini kilichonichoma zaidi ni kwamba dada hakunificha kitu. Aliniwekea ushindi mkononi, nikauacha mezani.

Aliposhuka mlimani nikamwendea.

"Mbona hukunilazimisha?"

"Nimekuita mara tatu uje uijaribu," akasema, akijifuta jasho. "Ya nne nikaifunga kwenye langu."

Nikalivua koti. Nikamvalisha mwenyewe, mbele ya wote, nikamkunjia mikono ya koti, maana lilinitosha mimi, yeye lilimzidi.