Mkono Nisioushika

Shule niliishia darasa la tatu. Miaka thelathini nimekuwa mnyapara wa makuli katika godauni moja pale Changamwe, na ukubwa huo sikupewa na mtu, niliubeba gunia kwa gunia. Nilikuwa na desturi yangu. Asubuhi, kabla lori la kwanza halijafunguliwa turubali, nampa mkono kila kuli. Si adabu tu. Mkono wa aliyelala njaa naujua. Wa aliyegombana na mkewe nao naujua, hushika na kuachia upesi. Mtu wa namna hiyo simpandishi ubao wa kupandia lori na gunia mgongoni. Namwambia, "Wewe leo shona magunia yaliyopasuka," na wenzake hawamuulizi kitu.

Akaja meneja mpya, kijana wa suruali ya kubana. "Mzee, robo saa nzima mwasalimiana tu? King'ora kikilia, kazi."

Nikakubali, salamu nikaziacha. Hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo.

Wiki ya pili, kuli mmoja mkaazi wa Bombolulu alianguka kutoka ubaoni, gunia likamfuata. Nyonga ikavunjika. Jana yake alikuwa amezika mtoto, akaja kazini kwa kuogopa kupoteza nafasi. Hakusema. Kwetu mwanamume hasemi, anasalimia, na mimi mkono wake sikuushika.

Meneja akaandika karatasi: uzembe. Ikifika makao makuu, yule hana kazi tena hata akipona.

Kabla haijapelekwa, wallahi, wakubwa wa kampuni wakatuletea mwalimu. Mama mpole, hana kosa, kabandika ukutani picha za nyuso, moja yacheka, moja yalia. Anatufundisha akili ya hisia, ati dawa ya msongo wa kazi.

"Mtajuaje mwenzenu ana mawazo?" akauliza.

Makuli wakainama. Mmoja akanong'ona, "Tukiulize king'ora."

Nikasimama. "Mama, hayo tulikuwa nayo hapa bila picha. Aliyeyakataza ni huyo aliyekaa ubavuni mwako."

"Mzee, kaa chini," meneja akasema.

Sikukaa. Nikaanza kutoa mkono, mmoja mmoja, mstari mzima, hadi kwake. Mbele ya mgeni akashindwa kuuacha ukining'inia. Kiganja chake kilikuwa baridi, kimelowa jasho. Usingizi alikuwa hana siku nyingi. Naye kumbe ana mkubwa wake wa kumpigia king'ora.

Sikumhurumia. Aliyevunjika nyonga si yeye. Ila nilijua nimemshika mtu wa namna gani, na sikumwachia.

"Mwenye mkono huu simpandishi ubao," nikamwambia, "na kalamu ya kumfukuza mwenziwe pia simpi. Ile karatasi iko wapi?"

"Iko mezani," akajibu kwa sauti ndogo.

"Basi twende tukaichane."

Nikatoka naye kuelekea ofisini, mkono wake bado umo mkononi mwangu.