Myahudi wa Isansa na Somo Nililofundisha

Fundi amefariki. Habari hiyo niliipata Jumanne kwa dereva wa lori aliyetoka Tunduma, akaitoa huku anafungua turubai, kama mtu anayetaja bei ya sukari: "Mwalimu, yule mzungu wako wa mashine, wa kule Chapwa, tumemzika juzi." Nikamuuliza wamemzika wapi. Jibu lake ndilo lililonifanya leo niyaache yale niliyokusudia kuwaandikia, wasomaji wangu, kuhusu uhaba wa mbolea. Wazee wa kanisa walisema makaburi yao ni ya waliobatizwa. Balozi wa nyumba kumi akasema suala hilo litazamwe kwanza na ngazi ya juu. Maiti ikakaa ndani siku nzima, mlango umeegeshwa, watu wamesimama nje wakijadili dini ya marehemu. Mwishowe jirani yake, Mwislamu mmoja kutoka Kondoa anayesafirisha nafaka, akakasirika. "Mtu wa Kitabu hawezi kulala nje kama mbwa," akasema, akamega kipande cha shamba lake, akashika jembe mwenyewe.

Alikuwa Myahudi, na kwa kadiri nijuavyo alikuwa Myahudi pekee katika wilaya nzima ya Mbozi. Nilimkuta Isansa nilipopelekwa kufundisha huko, miaka michache baada ya Uhuru. Alikuwa na mashine ya kusaga, na alitengeneza kila kitu chenye parafujo, kuanzia baiskeli hadi vinu vya kumenyea kahawa. Kiswahili chake kilikuwa cha kukwaruza, lakini Kinyiha alikisema vizuri hata akina mama waliokuja kusaga walimtania kwamba alizaliwa Mbozi, akaoshwa kupita kiasi. Ukweli ni kwamba alitoka Ujerumani akiwa kijana, kabla ya vita, akamfuata mjomba wake aliyekuwa na shamba la kahawa. Mama yake na dada zake wawili walibaki wakingoja vibali. Vita vilipoanza, serikali ya mkoloni ikamkamata kwa sababu hati yake ilikuwa ya Kijerumani, ikamfungia kambini miezi kadhaa pamoja na Wajerumani waliokataa kula naye meza moja. Barua za mama yake zikakatika. Baada ya vita ilikuja barua moja tu, ya mtu asiyemjua, ikimweleza kwamba wote watatu walipakiwa kwenye treni na hawakurudi.

Ijumaa jua likielekea kuzama alizima mashine, akanawa, akawasha mishumaa miwili ya Sabato yake. Mishumaa ilipoadimika madukani aliwasha vibatari. Jumamosi hakugusa spana, hata uje na shida gani. Siku moja nilimuuliza kama aliwahi kumwombea mama yake. Akacheka, lakini macho yake hayakucheka. "Kwetu sala ya wafu inataka wanaume kumi," alisema. "Chama chenu kinataka nyumba kumi, Mungu wangu anataka wanaume kumi. Mimi niko mmoja. Mama yangu hajaombewa mpaka leo." Nikamuuliza, kwa ujinga wa ujana, kama bado anamwamini Mungu wa namna hiyo. "Siku nyingi nasali ili nimlaumu," alisema. "Nikisema hayupo, Mwalimu, nani atanijibu kuhusu dada zangu?"

Sasa nifike mahali ambapo kalamu inakuwa nzito. Mwaka mmoja, karibu na Ijumaa Kuu, nilifundisha dini darasa la nne. Niliwaambia watoto kama nilivyoambiwa mimi nikiwa mtoto: Wayahudi walimwua Bwana Yesu, na Mungu akawalaani. Mtoto mmoja, hodari kuliko wote, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwani fundi si Myahudi?" Nikajibu, "Ndiyo." Nilijibu neno hilo moja, nikageukia ubao. Ijumaa Kuu mhubiri wa kanisa letu akayarudia yaleyale kwa sauti kubwa zaidi. Kesho yake, Jumamosi, fundi akiwa amekaa barazani na kitabu chake, watoto wakaja na mawe. Walivunja kioo cha dirisha na kumpasua kipaji cha uso. Wiki iliyofuata akina mama wakaanza kupita na ndoo zao za mahindi mbele ya mashine yake bila kumwamkia, wakienda kusaga mbali.

Alikuja shuleni amefunga kitambaa kichwani. Hakuketi.

"Mwalimu, watoto wananiuliza kwa nini nilimwua Yesu. Nani amewaambia?"

"Sijui, fundi," nilisema. "Watoto wanasikia mambo mengi."

Alinitazama, halafu akautazama ubao nyuma yangu.

"Kwetu nako," alisema, "ilianzia shuleni." Akaondoka.

Miaka ikapita, ikaja operesheni ya kuhamia vijijini. Sisi walimu tulipewa kazi ya kuandika majina ya wakuu wa kaya. Nilikuwepo na daftari langu siku malori yalipofika. Mama wa yule mhubiri alikuwa mgonjwa, hawezi kusimama, na mgambo walimtoa kitandani wakamweka juu ya lori, juu ya magunia na mabati. Mhubiri alisimama kando amekunja mikono, anatazama chini. Fundi akatoka kwake, akaenda moja kwa moja kusimama mbele ya lori.

"Mama huyu mshusheni," alisema.

"Mzee, toka hapo, hii ni amri ya serikali."

"Hata mama yangu alipakiwa kwa amri ya serikali."

Mgambo mmoja akamtandika rungu la sikio. Fundi akaanguka, akainuka, akasimama palepale. "Myahudi, toka!" yule mgambo alifoka, na hapo ndipo nilipomtambua. Alikuwa yule mtoto wa darasa la nne, yule hodari. Rungu la pili lilimlaza fundi chini kabisa. Damu ilimtoka sikioni, na sikio hilo halikusikia tena. Kiongozi wa msafara akaona watu wanaanza kunung'unika. Akaamuru mama ashushwe, angoje safari nyingine. Mama huyo alifariki siku nne baadaye, kwenye kitanda chake mwenyewe. Mhubiri hakwenda kushukuru. Mimi niliendelea kuandika majina.

Mashine ya fundi ikafanywa mali ya kijiji, ikaharibika kabla ya mavuno kwa kukosa mtu wa kuitengeneza. Yeye akahamia Chapwa, kule Tunduma, akawa anatengeneza pampu na injini za wenye malori. Nimesoma makala nyingi zinazosema kwamba chuki ni ugonjwa wa nchi za baridi na kwamba sisi, tuliokwisha kuonewa, tunaitana ndugu. Sikubali. Wakati wangu hakuna mkoloni aliyenisimamia darasani. Chaki niliishika mimi. Na kuonewa kwetu hakukutufundisha chochote, maana tulipompata mmoja dhaifu kuliko sisi, hatukumkosa.

Mwaka jana nilikwenda Tunduma kumwona. Nilimkuta amekaa juu ya gurudumu, amenigeuzia sikio lake zima. Nikamwambia yote: darasa, neno langu moja, uongo wangu siku ile alipokuja shuleni. Nikamwomba anisamehe. Alifuta mikono kwa kitambaa cha grisi, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Nilijua tangu siku ile," alisema. "Umeileta kwangu kwa sababu mimi ni mmoja na nimezeeka. Kwangu ni rahisi. Wale watoto walikuwa wangapi?"

"Arobaini na kitu."

"Nenda kwao."

Hakunisamehe. Alinipa chai, akanisindikiza hadi kituo cha basi, akanipungia mkono, lakini hakunisamehe, na nilirudi nyumbani nikijitetea moyoni kwamba wale watoto wametawanyika. Wengine wako Zambia, wengine Saza wanachimba dhahabu, wengine wana watoto wanaosoma darasa la nne hivi sasa. Nimengoja mwaka mzima, na aliyenituma amekufa akijua sijaenda. Basi ninyi mliokaa mbele yangu Isansa, popote gazeti hili litakapowafikia, hata likiwa limefungia vitumbua: niliwafundisha uongo. Yule mtu hakumwua yeyote. Waambieni watoto wenu.