Aliyepita Bila Kuitikia Salamu

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, hapa Bariadi. Mwalimu wa fasihi ya Kiingereza, mgeni kutoka Moshi, alikuwa akimtajia dada mchapaji herufi za neno moja la mtihani: "wraith."

"Ndiyo nini hiyo, mwalimu?" dada aliuliza.

"Siku hizi watu husema ni mzimu tu. Ila katika vitabu vya zamani ni sura ya mtu ambaye bado yu hai. Ndugu zake wanamwona anapita kimya, kumbe yuko mbali. Baadaye unakuja msiba wake."

Mama mmoja wa Bukundi, aliyesubiri kopi ya cheti, alijifunga khanga upya. "Huyo kwetu tunamjua kwa salamu," alisema. "Ukimwambia mwangaluka akapita bila kuitikia, rudi nyumbani ukafagie uwanja. Watu watakuja kulia."

Mwalimu alicheka. Dada hakucheka, vidole vyake vilibaki juu ya kibodi.

"Mwalimu, asubuhi ulipita hapa mlangoni. Nikakuamkia. Hukuitikia."

"Asubuhi nilikuwa Lagangabilili, sikuwa hapa mjini," alijibu mwalimu, na kicheko kikamkauka mdomoni.

Alitoka akisalimia kila mtu, hadi walioko ng'ambo ya barabara. Mpaka leo anasalimia hivyo, na wapo wanaosema anautaka udiwani. Mimi sisemi kitu. Jana asubuhi nilimwita, "Mwalimu, mwangaluka!" Akachelewa kidogo kuitikia, nikajikuta natafuta ufagio kwa macho.