Mkalimani wa Bwawa la Isenge

Joyness Mayige alizaliwa Lalago, katika nyumba ambayo Kiswahili kiliingia kwa redio na kwa mwalimu tu. Kisukuma ndicho kilichokuwa cha kuombea chumvi, cha kuitia ng'ombe na cha kugombania. Alipoolewa Bariadi alifungua kibanda cha fotokopi jirani na soko, lakini wengi walimjua kwa kazi yake ya Jumapili. Wahubiri wageni walihubiri kwa Kiswahili, naye alisimama ubavuni mwao akiyageuza maneno kwa ajili ya wazee waliotoka vijijini. Mhubiri akinong'ona, Joyness ananong'ona. Mhubiri akipiga meza, naye anaipiga. Watu walisema wakalimani wengine wanakupa maneno, huyu binti wa Mayige anakupa na mtu mwenyewe.

Sifa hizo ndizo zilizomfikisha Constantine kibandani kwake. Constantine alikuwa mtaalamu wa mazingira kutoka Dar es Salaam, mpole, mwenye kofia pana, aliyekodiwa na kampuni yenye bwawa la umeme la Isenge. Bwawa lenyewe halikuwa kubwa. Mchana mageti yalifungwa, maji yakajikusanya nyuma ya ukuta, na mto chini yake ukabaki mchanga mtupu. Jioni, watu wanapowasha taa, mageti yalifunguliwa ili mitambo izunguke, na mto uliokuwa umekufa ukafufuka kwa kishindo. Sasa leseni ya bwawa ilikuwa inakaribia kwisha, na kampuni haikuweza kupewa nyingine kabla athari zake kwa mazingira hazijatathminiwa.

"Kazi nyepesi, dada," Constantine alimwambia. "Wao wanasema, wewe unatuambia, sisi tunaandika."

Walikwenda Mwabulugu, kijiji kilichoko chini ya bwawa. Kilikuwa kiangazi. Wanawake walikuwa wamechimba visima vya mchangani katikati ya mto, wakichota kwa kata maji yaliyochuruzika kidogo kidogo. Timu ya Constantine ilichota maji kwenye vichupa, ikahesabu ndege, ikauliza wavuvi habari za nyavu. Joyness alitafsiri huku na huku bila taabu, hata akaanza kuifurahia safari.

Mchana walifika nyumbani kwa Mayu Sayi, bibi mfupi aliyekaa chini akichambua pamba, nyeupe huku, chafu kule. Mwanawe, Masalu, alikuwa kando ya zizi akisuka kamba.

"Mwadila, mayu," Joyness alimsalimu akipiga goti.

"Mwadila, ng'wanone," bibi alimwitikia kama mama anayemwita mwanawe. "Karibuni."

Constantine alifungua maswali yake. Je, tangu bwawa lijengwe, kambale na kamongo wamepungua au wameongezeka?

Joyness alitafsiri. Bibi akaiweka pamba chini.

"Ananiuliza habari za kambale," alisema kwa Kisukuma. "Mbona haniulizi habari za Elizabeth?"

Kisha akasema, na alisema sana. Elizabeth alikuwa mke wa Masalu. Kiangazi kilichopita alikwenda kuchota maji mtoni. Foleni ilikuwa ndefu, na zamu yake ilipofika jua lilikuwa limeshainama. Kisima kilikuwa kimechimbwa mpaka mtu akiingia anazama hadi mabegani. Siku hiyo mageti yalifunguliwa mapema kuliko kawaida. Hapakupigwa filimbi, hapakutumwa mtu. Wenzake walisikia mvumo wakakimbilia kingoni. Elizabeth alikuwa ameinama ndani ya shimo, kichwa chini, hakusikia kitu. Walimkuta mbali, kwenye kona ya mto, amefunikwa na matope.

"Mtu wa kampuni alikuja msibani na mchele," Mayu Sayi alisema, na sauti yake sasa ilikuwa imepanda mpaka jirani akachungulia. "Akasimama pale, pale unapokanyaga wewe, akasema marehemu alikuwa mzembe! Mke wa mwanangu, aliyekuwa akiamka kabla ya jogoo, mzembe! Wafunge maji yetu mchana kutwa, watufanye tuchimbe mchanga kama fisi, halafu wayafungulie juu ya vichwa vyetu, na mzembe ni sisi?"

Masalu hakuinua uso. Kamba ilikuwa imesimama mikononi mwake.

Constantine alitazama jua. "Dada, fupisha tu. Jambo kuu ni lipi?"

Joyness akafupisha. "Anasema mageti hufunguliwa bila taarifa. Mkwe wake alifariki."

Msaidizi wa Constantine akabonyeza kompyuta yake kidogo, akaacha. Mayu Sayi alikuwa akimwangalia Joyness mdomoni. Kiswahili hakukijua vizuri, lakini urefu wa maneno aliujua.

"Mimi nimesema mpaka koo limekauka," alisema taratibu. "Yako yamekwisha kwa pumzi moja. Mengine umeyapeleka wapi, ng'wanone?"

Joyness alipiga goti tena, akaaga.

Ndani ya gari, wakirudi Bariadi, alimuuliza Constantine ameandika nini.

"Changamoto ya mawasiliano kati ya mradi na jamii."

"Mtu amekufa, kaka."

"Naelewa, na inasikitisha. Lakini hadidu za rejea nilizopewa ni maji, samaki, ndege na uoto. Kifo kinawahusu polisi."

"Maji yaliyomuua ndiyo hayo mliyoyatia kwenye vichupa asubuhi."

Constantine alimwomba dereva apandishe vioo, vumbi lilikuwa linaingia.

Joyness alifika nyumbani akiwa amefura. Mumewe, Sylvester, alimuuliza kazi imekwendaje, naye akalitua sufuria mezani kwa nguvu mpaka kifuniko kikaruka. Alimkasirikia Constantine na upole wake. Aliikasirikia kampuni na mchele wake. Lakini zaidi aliukasirikia ulimi wake mwenyewe. Mtu mmoja amemwambia fupisha, neno moja tu, naye akatii kama ng'ombe wa jembe anayepigiwa mluzi.

"Si uache kazi yao?" Sylvester alimshauri.

"Nikiacha, watamleta mwingine wa kufupisha. Mkutano mkubwa bado. Nakwenda."

Mkutano wa kusikiliza maoni ulifanyika katika ukumbi mmoja mjini. Mbele waliketi wajumbe wa mamlaka waliotumwa kuamua habari ya leseni, na mwenyekiti wao aliyevaa koti licha ya joto. Watu wa Mwabulugu waliletwa kwa lori, wakaketi nyuma. Constantine alisoma muhtasari wa ripoti yake: athari ni za wastani na zinadhibitika. Halafu akasimama Fredrick, meneja wa kampuni, mtu wa tabasamu. Alizungumzia zahanati inayotunza chanjo kwenye jokofu, mashine za kusaga, watoto wanaosoma kwa taa. Joyness aliyatafsiri yote, tabasamu likiwamo, kwa sababu yote aliyoyasema kuhusu zahanati na taa yalikuwa kweli.

Kisha Mayu Sayi akaitwa. Alitembea mbele akimshika Masalu mkono, akakataa kiti.

Alianza chini, na Joyness akaanza chini. Alipofika kwenye foleni ya kisima, Joyness alikuwa kwenye foleni ya kisima. Alipoinama kuwaonyesha jinsi Elizabeth alivyoinama shimoni, Joyness naye aliinama mbele ya koti la mwenyekiti, kichwa chini. Na bibi alipolifikia lile neno mzembe, alilipasua kwa Kisukuma, na Joyness akalipasua kwa Kiswahili hadi spika zikakoroma.

"Mzembe! Mnafunga mto kama mtu anavyofunga mlango wake, halafu mnasema mzembe ni aliyekufa! Mmewahesabu kambale. Mmewahesabu korongo. Sisi mtatuhesabu lini?"

"Mkalimani!" Mwenyekiti aligonga meza. "Tafsiri. Usihutubie."

Joyness alijifuta jasho.

"Mheshimiwa mwenyekiti, sijaongeza neno. Hasira mnayoisikia ni yake, ni sehemu ya alichosema. Nikiitoa nitakuwa nimewatafsiria nusu. Nilishafanya hivyo mara moja, nyumbani kwake, nilipoambiwa nifupishe, ndiyo maana Elizabeth hamumwoni kwenye ripoti hiyo."

Constantine akaangalia viatu vyake. Fredrick aliinua mkono kusema kifo cha Elizabeth hakihusiani na mazingira.

Joyness aliligeukia kundi la nyuma na, kama kazi yake ilivyomtaka, akawatafsiria neno kwa neno kwamba bwana meneja anasema kifo cha Elizabeth hakihusiani na mazingira. Ukumbi ukalipuka. Wanawake walisimama, mmoja akavua kiatu, Masalu ambaye hakuwa ametamka lolote tangu asubuhi akapiga yowe moja refu lisilo na maneno. Mwenyekiti aliahirisha mkutano.

Uamuzi ulitoka baada ya mvua za vuli. Leseni ilihuishwa. Lakini iliwekewa masharti: maji kidogo yaachwe yapite mchana, na king'ora kipigwe kabla mageti hayajafunguliwa jioni. Katika maelezo ya masharti kulikuwa na sentensi moja iliyotaja "tukio la awali la kusombwa na maji". Jina la Elizabeth halikuwamo. Joyness aliisoma sentensi hiyo kibandani kwake, akaisoma tena, akamtukana aliyeiandika kwa Kisukuma kirefu hadi mteja aliyekuwa akisubiri fotokopi akacheka, kisha akaacha kucheka.

Hakuitwa tena kwenye kazi za wataalamu. Timu nyingine ilipokuja kupima barabara, ilimchukua kijana aliyetafsiri kwa sentensi fupi nzuri. Constantine alimpigia simu siku moja, akamwambia kwamba alijaribu kuongeza ukurasa kuhusu kifo kile, kampuni ikaukataa. "Ungesimama ukasema ukumbini," Joyness alimjibu. Akakata simu.

Kiangazi kilichofuata alikwenda Mwabulugu kumsalimu Mayu Sayi, akaondoka na ndoo kwenda mtoni pamoja na wanawake wengine. Yale maji ya mchana yaliyoahidiwa yalikuwa utepe mwembamba uliopotea mchangani kabla ya kufika kijijini. Visima vilikuwa vilevile, foleni ileile. Alikuwa ameshuka nusu ya ukingo pale king'ora kilipolia kutoka juu, kikali, na mara wanawake wote wakaanza kupanda wakivutana mikono, wakimwaga maji, wakiitana majina. Hakuna aliyebaki shimoni. Maji yakapita chini yao yakiwa na rangi ya chai, yakazisomba ndoo mbili zilizoachwa.

Mayu Sayi, aliyekuwa amewangojea juu na fimbo yake, aliwahesabu mmoja mmoja kwa kidole walipofika. Kisha akaugeukia upande wa bwawa, king'ora kikiwa bado kinalia, akaanza kukitukana.

"Sasa unalia? Sasa ndiyo unajua kulia?"

Joyness alisimama kando yake na ndoo tupu, naye akatukana.